Simba ni ya nani huko mwisho wa reli?



Jumapili ya Julai 25, 2021 mji wa Kigoma ulipata ugeni ambao haukupata kuuona kabla yake. Klabu za Simba na Yanga, watani wa jadi ambao kwa kawaida hukutana Dar es Salaam, zilikutana katika Uwanja wa Lake Tanganyika kuamua nani alichukue Kombe la Shirikisho. Wiki tatu tu zilikuwa zimepita tangu Yanga iifunge Simba bao 1-0 katika ligi, kwa hiyo upande mmja ulikuja na kiburi na upande wa pili ulikuja na kisasi. Karibu na mapumziko Mukoko Tonombe, kiungo wa Yanga kutoka Kongo, akatolewa kwa kadi nyekundu. Yanga, wakiwa kumi, walijikaza mpaka zilipobaki kama dakika kumi mchezo kumalizika. Hapo ikapigwa kona, na Taddeo Lwanga, kiungo wa Simba kutoka Uganda, akaupiga mpira kwa kichwa ukatua wavuni. Simba 1, Yanga 0.

Kisha mabasi yakageuza. Kombe likarudi Dar es Salaam, waandishi wa habari wakarudi Dar es Salaam, na mji ukabaki na migebuka yake, mawese yake na mazungumzo yake.

Mazungumzo hayo ndiyo yanayostahili kuangaliwa leo. Katika ofisi yoyote ya walimu kati ya Mwanga na Ujiji, siku ya Jumatatu hakuna haja ya kuuliza nani alishinda juzi. Nyuso za watu zinasema. Mwanafunzi wa darasa la tano pale Buzebazeba atakutajia wachezaji kumi na mmoja wa Simba bila kusita, na wa akiba pia. Muulize majina ya wachezaji wa timu ya kata yake, atakukodolea macho. Mtoto huyo anajiita "mtu wa Msimbazi". Msimbazi ni mtaa wa Kariakoo, zaidi ya kilometa 1,200 kwa reli kutoka pale alipo, na huenda hatauona mpaka awe mtu mzima. Je, klabu hiyo anayoililia usiku ni yake kwa namna gani? Swali hili si la mzaha, na halijibiki bila kwanza kujua klabu yenyewe ilitoka wapi.

Simba haikuanzishwa na tajiri, wala haikuanzishwa na serikali. Ilizaliwa kwa mgawanyiko. Mwaka 1935 vijana wa Kiafrika wa Dar es Salaam waliunda klabu iliyokuja kujulikana kama Young Africans, yaani Yanga. Mwaka uliofuata, 1936, baadhi yao walijitoa wakaunda ya kwao. Klabu hiyo mpya ilibadili majina kama mtu anayejaribu makoti: ikaitwa Queens, ikaitwa Eagles, mwishowe ikatulia kwa jina la Sunderland. Sunderland ni mji wa Uingereza, mji wa makaa ya mawe na wa viwanda vya meli, wenye klabu yake ya zamani ya kandanda. Makuli, makarani na mafundi wa Kariakoo waliobeba jina hilo vifuani hawakupata kuuona mji huo. Kwa hiyo yule mtoto wa Buzebazeba anayebeba jina la mtaa asioujua asichekwe. Wazee wa Kariakoo walimtangulia kwa jambo hilo hilo.

Mwaka 1971, wakati taifa lilipokuwa likijivua majina na kasumba za wakoloni, Sunderland iliacha jina lake ikawa Simba. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba kabla ya kubadili jina klabu ilikwisha kubadili historia. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland, na mwaka 1966 ilikuwa Sunderland tena. Ndipo Yanga ikaamka na kutawala kuanzia 1968 hadi 1972, na tangu hapo nchi ikagawanyika mara mbili, nyekundu na kijani, mgawanyiko ambao kwa bahati njema haukufuata kabila wala dini. Katika nyumba moja baba anaweza kuwa Yanga, mama Simba, na chakula kikaliwa sahani moja. Mataifa mengi yangetamani kuwa na ugomvi wa namna hiyo.

Klabu hizi ziliishi kwa ada na michango ya wanachama. Mwanachama alikuwa na kadi. Kwa kadi hiyo alipiga kura, na kwa kura hiyo alimweka kiongozi na kumwondoa. Mikutano ilikuwa ya kelele, mara nyingine ya ngumi, na magomvi yake yalijaza kurasa za magazeti. Mgogoro wa Yanga wa miaka ya 1970 ulizaa klabu nyingine nzima, Pan African, ambayo mwaka 1982 ilitwaa ubingwa wa nchi. Walioelimika walipenda kuyadharau mambo hayo, wakayaita fujo za Kariakoo. Walisahau kwamba mtu hagombani juu ya mali isiyo yake. Kelele zile zilikuwa ushahidi wa umiliki.

Ukweli wa pili ni kwamba mafanikio ya Simba hayakuja kwa mfululizo laini kama yanavyosimuliwa siku hizi. Yalikuja kwa vipindi, na katikati ya vipindi hivyo kulikuwa na aibu za kutosha. Mwaka 1974, siku ya Agosti 10, watani hao walikutana Uwanja wa Nyamagana, Mwanza, katika mchezo wa kuamua bingwa wa taifa, na Yanga wakashinda 2-1. Wazee wa Kanda ya Ziwa bado wanausimulia kama walivyousikia kwa baba zao. Lakini mwaka huo huo Simba ilifika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika, baada ya kuiondoa Hearts of Oak ya Ghana. Iliishinda Mehalla ya Misri 1-0 nyumbani, ikafungwa 1-0 Misri, ikatolewa kwa mikwaju ya penalti. Hakuna klabu ya Tanzania iliyowahi kufika mbali zaidi ya hapo katika mashindano hayo makubwa ya bara hili.

Kuanzia 1976 hadi 1980 Simba ilikuwa bingwa wa nchi mara tano mfululizo. Katikati ya kipindi hicho, Julai 19, 1977, iliichapa Yanga mabao 6-0, na Abdallah Kibadeni peke yake akafunga matatu. Na kuna kisa cha mwaka 1979 ambacho walimu wa hesabu wangefaa kukitumia darasani. Simba ilifungwa nyumbani mabao 4-0 na Mufulira Wanderers ya Zambia. Kila mtu alijua mambo yamekwisha, na waliosafiri kwenda Zambia kwa marudiano walionekana kama wanaopeleka salamu za rambirambi. Wakashinda 5-0 ugenini. Ndiyo sababu shabiki wa Simba mwenye umri mkubwa haondoki uwanjani kabla ya filimbi ya mwisho, hata hali ikiwa mbaya namna gani.

Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF. Ilitoka sare ya 0-0 na Stella ya Abidjan huko Ivory Coast, na Dar es Salaam nzima ikajiandaa kusherehekea. Stella wakaja, wakafunga mawili, wakaondoka na kombe. Waliokuwapo siku ile wanasema uwanja ulinyamaza kiasi cha kusikia watu wakilia. Miaka 10 baadaye, 2003, ilikuja siku ambayo watu wa Kigoma wana sehemu yao ya halali. Simba ilikwenda Cairo kucheza na Zamalek, bingwa mtetezi wa Afrika, ikiwa imetangulia kwa bao 1-0 la nyumbani. Zamalek walirudisha bao hilo, ikaja penalti, na Simba ikashinda. Aliyesimama langoni usiku ule alikuwa Juma Kaseja, kijana wa Kigoma. Tangu siku hiyo hakuna mlinda mlango mdogo mwambao mzima wa ziwa hili ambaye hajaitwa Kaseja na wenzake, kwa sifa au kwa dhihaka.

Hapo ndipo habari ya Simba inapogeuka kuwa habari ya Kigoma, na inafaa kuitazama bila hasira lakini bila kujidanganya. Kwa miaka mingi mkoa huu umekuwa shamba la wachezaji na soko la mashabiki. Kijana akionekana ana miguu myepesi, hupanda treni. Akifaulu, jina lake hurudi kwa redio. Asipofaulu, hurudi mwenyewe, kimya kimya. Pamba ilikwenda hivyo hivyo enzi za mkoloni: ililimwa huku, ikafumwa kwingine, ikarudi ikiwa shati la kununuliwa. Walimu wa siasa wa miaka ya Azimio la Arusha walikuwa na maneno makali kwa biashara ya namna hiyo. Jezi ya Simba inayouzwa sokoni Kigoma leo haina tofauti kubwa na shati lile.

Hata hivyo, kusema kwamba klabu ya Dar es Salaam imeinyonya Kigoma ni kutafuta mchawi pasipo na uchawi. Simba haikumzuia mtu wa Kigoma kuunda klabu. Wakati mashirika ya umma yalipokuwa na nguvu, kampuni za biashara za mikoa, RTC, zilikuwa na timu zao, na ile ya Kigoma ilikuwa miongoni mwao. Kampuni zilipokufa, timu zilikufa nazo, kwa sababu zilikuwa za mwajiri. Hazikuwa na wanachama wenye kadi ambao wangekataa zife. Simba imepitia matajiri, wafadhili, mabwana fedha na wababaishaji wa kila rangi, na kila mmoja alipoondoka klabu ilibaki. Siri ya kudumu kwake ni hiyo, wala si hirizi.

Je, inawezekana klabu kubwa ikasimama nje ya mji mkuu? Jibu liko ng'ambo ya ziwa hili hili. Kusini-magharibi, katika Katanga, upo mji wa Lubumbashi. Si Kinshasa. Ni mji wa migodi na reli, na lugha ya mitaani mwake ni Kiswahili, ambacho kilivuka ziwa pamoja na misafara iliyopumzika Ujiji. Huko, mwaka 1939, wamisionari wa Kibenediktini waliwaanzishia vijana timu iliyoitwa Mtakatifu Georges. Nayo ilibadili majina: wakati mmoja ilibeba jina la Englebert, kampuni ya matairi, na baadaye ikaitwa Mazembe. Timu hiyo ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, ikalala kwa miaka mingi, ikaamka chini ya Moise Katumbi na kutwaa ubingwa tena mwaka 2009, 2010 na 2015. Desemba 2010 ilikuwa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ambako Inter Milan iliishinda 3-0.

Katika kikosi cha Mazembe cha mwaka 2015 walikuwamo Watanzania wawili, Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu. Samatta alikuwa mchezaji wa Simba. Mwaka 2011 Simba ilicheza na Mazembe, Wakongo wakamwona kijana huyo, wakamchukua. Miaka minne baadaye alitajwa kuwa mchezaji bora wa Afrika kwa wale wanaocheza ndani ya bara. Kwa hiyo Simba nayo ilionja kile ambacho Kigoma imekionja siku zote: kulea na kuchukuliwa.

Ni kweli kwamba Lubumbashi ina shaba na Kigoma haina. Ni kweli pia kwamba klabu inayosimama juu ya mkoba wa mtu mmoja haina hakika ya kesho. Lakini hoja ya kwamba mji ulio mbali na makao makuu hauwezi kuwa na klabu inayoogopwa Afrika nzima imekwisha kukanushwa na majirani, tena kwa Kiswahili.

Simba yenyewe ililijua tatizo la mkoba. Baada ya miaka mitano ya kuitazama Yanga na Azam zikipeana ubingwa, wanachama wake walikaa mwishoni mwa mwaka 2017 wakakubali mfumo wa hisa. Mfanyabiashara Mohammed Dewji alishinda zabuni ya kuwekeza shilingi bilioni 20. Serikali iliweka sharti ambalo watu wa Chama hawana budi kulifahamu vizuri: katika klabu ya wanachama, mwekezaji asizidi asilimia 49, na asilimia 51 zibaki mikononi mwa wanachama. Baadaye Yanga nayo ilifuata njia hiyo.

Matunda ya fedha hayakuchelewa. Simba ilikuwa bingwa wa nchi misimu minne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21, na kufikisha ubingwa mara 22. Katika msimu wa 2018/19 iliingia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa namna ya ajabu: ugenini ilifungwa 5-0 na AS Vita, ikafungwa 5-0 na Al Ahly, lakini nyumbani ikawashinda wote. Ni Mazembe walioisimamisha, kwa 4-1 kule Lubumbashi. Mwaka 2021 ilimaliza kundi lake ikiwa ya kwanza, mbele ya Al Ahly. Mei 2025 ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na RS Berkane ya Morocco, ikafungwa 2-0 huko na kutoka sare ya 1-1 Zanzibar. Kombe la Afrika bado halijafika Msimbazi. Na ubingwa wa nyumbani ulihamia Jangwani kwa misimu minne iliyofuata, kwani Yanga nayo ilijifunza somo lile lile la fedha, ikacheza fainali ya Afrika mwaka 2023 na kushindwa na USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini tu.

Sasa, zile asilimia 51 ni za nani? Kwenye karatasi ni za wanachama wote, wa Temeke na wa Ujiji sawasawa. Katika maisha ya kila siku, mwanachama wa Ujiji ambaye tawi lake halifanyi mikutano, hasomi katiba ya klabu, hajui hesabu za mwaka na hana nauli ya kwenda mkutano mkuu, ana kadi isiyo na meno. Mtumishi wa umma anayejua kusoma taarifa ya mapato na matumizi ya halmashauri angeweza kusoma ya klabu yake pia. Mara nyingi hafanyi hivyo. Hupiga kelele baada ya kufungwa, akatulia baada ya kushinda, na mwekezaji yeyote mwenye akili hupenda mwanachama wa aina hiyo kuliko mwingine wote. Yanayosemwa hapa juu ya kadi ya klabu yanahusu kadi nyingine pia. Wenye masikio wamesikia.

Wakati huo huo Kigoma yenyewe haikulala. Desemba 23, 2018 Simba iliifunga Nkana ya Zambia na kuingia hatua ya makundi ya Afrika; nchi ilishangilia. Siku tatu baadaye, katika Kombe la Shirikisho la nyumbani, ilikutana na timu ambayo mashabiki wengi wa Dar es Salaam hawakuwa wamewahi kuisikia: Mashujaa ya Kigoma, ambayo wakati huo haikuwa imecheza Ligi Kuu. Mashujaa walishinda 3-2. Timu iliyokuja kuwashinda Al Ahly miezi miwili baadaye ilitolewa na vijana wa mwisho wa reli.

Wengi walisema ni bahati. Mwaka 2023 Mashujaa iliitoa Mbeya City katika mchezo wa mtoano ikapanda Ligi Kuu. Ndipo Aprili 2024 Simba ilipokwenda Kigoma, tena kwa Kombe la Shirikisho, katika uwanja ule ule ambao Lwanga alifunga bao lake. Dakika 90 zilikwisha 1-1. Katika penalti Mashujaa walishinda 6-5. Siku hiyo watu wa Kigoma walipata mtihani ambao hawakuwahi kufanya: wengi wao ni Simba, na timu ya mkoa wao ndiyo iliyokuwa ikiipeleka Simba nyumbani. Kuna waliolia na kucheka kwa wakati mmoja. Mtu anaweza kuishi miaka 40 bila kujua moyo wake uko wapi, mpaka mkwaju wa penalti umwambie.

Mashujaa ni timu ya Jeshi la Wananchi. Jeshi linastahili heshima kwa kazi hiyo: limeleta nidhamu, mishahara inayolipwa kwa wakati na uongozi usiogombana hadharani, mambo matatu ambayo klabu za uraiani mikoani huyakosa. Hata hivyo Kigoma haijaunda klabu kwa kupewa timu. Timu ya jeshi ina kamanda. Haina wanachama wa Mwanga na Gungu wenye kura. Mji unaishangilia, lakini hauiongozi wala hauichangii kwa utaratibu. Kama kesho amri ikitoka kwamba kikosi kihamie kwingine, mji wenye mkoa wa watu zaidi ya milioni 2.4 kwa sensa ya 2022 utabaki na jezi tu, kama ulivyobaki baada ya kampuni za biashara za mikoa. Yaliyowahi kutokea hayahitaji mtabiri.

Kwa hapo Chama nacho hakina budi kujikosoa, kwani kujikosoa ni desturi yake ya tangu enzi za TANU. Uwanja wa Lake Tanganyika ni mali ya Chama Cha Mapinduzi, kama vilivyo viwanja vingi vya mikoani. Vingi kati ya viwanja hivyo vilijengwa kwa jasho na michango ya wananchi katika miaka ya chama kimoja, na mwananchi aliyebeba mawe hakuuliza hati itaandikwa jina la nani. Kumiliki ni dhamana. Mara kwa mara mamlaka za soka zimevifungia viwanja vya mikoani kwa sababu ya nyasi mbovu na vyumba visivyofaa, na wenyeji wakalazimika kwenda kucheza mikoa ya watu. Fedha ya mlangoni inayoingia siku watani wanapokuja, ingewekwa japo sehemu yake kwa ajili ya nyasi za siku ambazo hawaji, uwanja usingekuwa ukingoja mgeni ndipo ufagiliwe. Watani hawatakuja kila mwaka. Mwaka 2020 fainali ilipelekwa Sumbawanga, mwaka 2022 Arusha. Kigoma ilipata zamu yake na zamu ikapita.

Lakini uwanja mkubwa si mahali pa kuanzia. Kaseja hakuanzia Cairo. Walimu wanajua kuliko mtu yeyote kwamba mchezaji hupatikana akiwa na miaka 10 au 12, katika mashindano ya shule za msingi, ya UMITASHUMTA, na baadaye UMISSETA, akicheza pekupeku kwenye kiwanja chenye mteremko. Mwalimu wa michezo ndiye humwona kwanza, miaka mingi kabla ya wakala mwenye simu tatu. Mwalimu huyo halipwi kitu kijana anapouzwa, na mara nyingi jina lake halitajwi. Kanuni za kandanda za dunia zinatambua malipo ya ulezi kwa klabu zilizomlea mchezaji tangu akiwa na miaka 12. Malipo hayo huenda kwa klabu iliyosajiliwa na yenye kumbukumbu za wachezaji wake. Yaani kijana wa Katubuka akifika Ulaya, kuna fungu la kisheria ambalo lingeweza kurudi Katubuka, kama tu Katubuka ingekuwa na klabu iliyoandikishwa na daftari lenye jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa na misimu aliyocheza. Bila daftari, fungu hilo halina anwani.

Daftari ni shilingi elfu kadhaa dukani. Kuandikisha klabu ni fomu, katiba na ada, mambo ambayo maofisa utamaduni na michezo wa halmashauri wanayajua kwa kazi zao. Kinachosumbua zaidi ni ardhi. Katika manispaa ya Kigoma-Ujiji, kama katika miji mingi inayokua, viwanja vya shule na vya mitaa vinaliwa pembeni kidogo kidogo: leo kibanda, kesho ukuta, keshokutwa mtu anaonyesha karatasi. Watoto husogeza magoli ndani, mpaka inafika siku kona hazipigiki tena. Wanaotoa karatasi hizo ni watumishi, na wanaokaa kimya wakati ukuta unapanda ni watumishi na walimu, wengi wao mashabiki wakubwa wa Simba na Yanga.

Kila shule inayo ramani, au ilikuwa nayo. Mwalimu mkuu anaweza kuitafuta kabatini wiki hii na kuipeleka kwa ofisa ardhi, na ofisa ardhi anaweza kwenda na kamba kupima mpaka wa kiwanja kama ulivyoandikwa, akaweka mawe ya mipaka mbele ya wazazi. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja, na inaweza kumalizika kabla ya jioni ya mechi ya watani.